Faili lipo, urefu sifuri: nilivyojifunza kupima ukataji wa mafaili kwenye ghala la korosho

Ntaanza na mstari mmoja wa kodi, yaani maandishi ya programu ya kompyuta, maana ndo ulioniweka macho usiku kucha:

f = open("mizani.csv", "w")

Anayeandika Python, lugha ya kuandikia programu, ataona hamna kitu hapo, ni kufungua faili uandike. Na mimi miaka yote nlikuwa naona hivyohivyo. Nlichokuwa sikijui, au nlikuwa nakijua kwa mdomo tu, ni kwamba hiyo "w" kazi yake ya kwanza sio kuandika, ni kufuta. Mstari huo ukipita, kabla hujaandika hata herufi moja, faili la zamani limeshakatwa mpaka baiti sifuri. Umeshafyeka shamba lote ndo unaanza kutafuta mbegu.

Mimi nipo Mtwara mjini, natengeneza laptopu na printa, programu naandika pembeni. Mwaka 2022 chama kimoja cha msingi huko upande wa Nanyamba waliniomba niwatengenezee kitu cha kurekodi korosho pale mizanini: namba ya mkulima, jina, daraja, kilo, saa. Karatasi walikuwa nazo na ziliendelea, kila mkulima akipima anapewa stakabadhi yake, ila walitaka mwisho wa siku jumla itoke yenyewe, watu wasikeshe na kikokotozi. Kazi rahisi, nikasema wiki moja. Laptopu niliyopewa ilikuwa ya zamani, betri ilishakufa siku nyingi, inaishi kwenye waya tu. Nikaiwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, na data nikaamua ikae kwenye fleshi ili dada karani akifunga ghala aondoke nayo mkononi. Hiyo betri na hiyo fleshi vitarudi mbele.

Programu kila ikipokea mzigo mmoja ilikuwa inafungua faili lote upya kwa hiyo "w", inazunguka mkulima mmoja mmoja, inapiga jumla yake kwa kupitia tena rekodi za msimu mzima zilizopo kwenye memori, inaandika mstari, mpaka ikimaliza wa mwisho ndo inafunga. Wakulima kumi, huoni kitu. Wakifika mia na arobaini kwenye laptopu ya kizee na fleshi ya elfu kumi, zinapita sekunde mbili tatu, na kwa wakati huo wote faili la zamani halipo na jipya halijawa. Nlikuwa naiona ile kusuasua kwenye skrini nikajua ni uzee wa mashine.

Umeme ukakatika saa nane mchana, mwezi wa kumi, foleni ya magunia imefika nje. Ukarudi baada ya dakika kumi. Dada karani akawasha, akanipigia: "Kaka, hapa pananiambia leo hajapima mtu." Nikamwambia usiguse kitu nakuja, nikachukua bodaboda, kwenda tu elfu ishirini na tano. Nikafika nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na urefu wake. Jina lipo, saa ya kuhifadhiwa ipo, urefu: 0.

Mzee mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya gunia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, hizo korosho zimekwenda wapi?" Nikamwambia korosho zipo zote mzee, kilichopotea ni maandishi. Akanitazama. "Kwa mkulima hicho ni kitu kimoja."

Karatasi ndo zilituokoa. Tulikaa mimi, dada karani na mdogo wake hadi kunakucha tunachapa vishina vya stakabadhi, tunatafuna ming'oko, na mtu akija kwako leo anakwambia ukishakuwa na kompyuta daftari la nini, mwache aongee. Pesa ya kazi nzima nililipwa laki moja na nusu, bodaboda za siku hizo mbili zikala karibu nusu yake.

Nikarekebisha kwa njia ambayo kila mtu anaijua: usiandike juu ya faili lenyewe, andika pembeni kwenye faili la mda, ukimaliza badilisha jina likae mahali pa lile la zamani kwa os.replace. Nikaijaribu vipi? Nikawa naiendesha programu alafu naiua katikati kwa kill -9, amri ya kuizima programu papo hapo. Mara mia. Skripti inaiwasha, inasubiri nusu sekunde, inaiua, inaangalia faili. Mara zote mia faili zima kabisa, ama la zamani ama jipya. Nikafunga laptopu nikiwa najiona mtu. Kwanini hilo jaribio lilikuwa la kujidanganya nlikuja kujua mwaka mmoja na nusu baadae, na misimu miwili katikati niliponea bahati.

Msimu wa 2023 mambo yakawa mengine. Nlikuwa nimeshabadilisha, rekodi za mizani haziandikwi upya tena, zinaongezwa mwishoni mstari kwa mstari, lile faili la jumla tu ndo linaandikwa upya. Dada karani akaomba kitufe cha kufuta, kwamba akikosea kilo afute rekodi ya mwisho aandike nyingine. Ombi la haki kabisa. Nikafanya hivi: nakumbuka mstari wa mwisho ulianzia baiti ya ngapi, akibonyeza kufuta nalikata faili hapo kwa f.truncate(mwanzo). Faili linafupika, mstari umeondoka, safi.

Wiki mbili baadae mtu wa ofisi walikokuwa wanapeleka orodha anapiga simu, kuna bibi mmoja hayumo. Kwenye faili letu namuona. Kwao hayumo. Namtazama kwenye jedwali, namba yake ileile, jina lake lilelile. Nikaja kufungua faili kwa less, programu ya kusomea mafaili, ndo nikaona:

^@^@^@^@^@^@^@^@^@^@^@^@0417,

na hizo ^@ zinaendelea, nikazihesabu, 38. Kila moja ni baiti yenye thamani sifuri, sio herufi sifuri, sifuri tupu isiyoonekana. Jedwali lilikuwa linazimeza kimya, mashine ya kule ilikuwa inaona namba ya mkulima inaanza na takataka, inamruka.

Ilivyotokea ni hivi. Faili lilikuwa na baiti 4,812. Kufuta kukalikata hadi 4,774, mstari mmoja wa baiti 38. Ila kukata faili hakusogezi kalamu. Kalamu yangu, yaani ile sehemu programu inapokumbuka kwamba niliishia kuandika hapa, ilibaki palepale 4,812. Mstari uliofuata ukaandikwa kuanzia 4,812, na ule upenyo wa katikati, kwakuwa faili haliwezi kuwa na tundu wakati wa kusomwa, mfumo unausoma kama sifuri tupu. Hiyo sio hitilafu ya Linux, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Hitilafu ni mimi nilisahau mstari mmoja baada ya ule wa kukata: f.seek(mwanzo).

Bibi alizunguka siku mbili kufuatilia, kwa miguu yake, kwa kosa la mstari mmoja. Nilienda kumuomba radhi. Akaniambia mimi hiyo kompyuta yako sijui inakaaje, mimi nimekaa na mikorosho. Nikaongeza ule mstari, nikasafisha mafaili, yakaisha.

Mwezi wa kumi na mbili nikakaa "kusafisha kodi". Kuna ugonjwa unatupata sisi, kazi ikiwa imetulia unaanza kuona kodi yako mbaya, nikagawanya vizuri, kila kazi na fankisheni yake, majina mazuri. Siku nne baadae, ^@^@^@^@. Kitu kilekile! Katika kuhamisha kodi nlikuwa nimeuacha ule mstari wa seek nyuma, kwasababu ulikaa pale peke yake bila maelezo, unaonekana kama kitu kisicho na kazi. Safari hii dada karani mwenyewe ndo aliiona, maana baada ya yule bibi nlimuonyesha jinsi ya kufungua kwa less. Akaniambia, kaka si ulisema umeshatengeneza? Aisee, bagi, yaani hitilafu ya programu, ikiwa mpya ina utetezi. Bagi iliyorudi haina.

Hapo ndo nikaelewa kwamba nlikuwa natengeneza kama fundi anayeziba pancha bila kuutoa msumari kwenye tairi. Kila bagi niliyoiua ilikuwa haijaacha mlinzi nyuma yake.

Mei 2024 ndo nikapata mda wa kukaa, tena mda wa kulazimishwa. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Kilwa, vifaa nlivyoagiza havifiki, na kabla hata hayo hayajaisha nyaya za intaneti chini ya bahari nazo zikakatika, nchi nzima ikawa inazungusha. Nikabaki na laptopu, mvua, na kurasa za maelekezo ambazo Linux inakuja nazo. Nikasoma man 2 truncate kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Mule ndani kuna kijisentensi kifupi mno kinachosema nafasi ya kusomea na kuandikia haibadilishwi. Maneno hayazidi sita kwa kiingereza. Yamekaa humo siku zote, bibi wa watu anatembea juani.

Intaneti iliporudi nikatafuta wenyewe wanaotengeneza mifumo ya mafaili, ile inayopanga mafaili diskini, wanafanyaje, maana wao wakikosea inalia dunia. Kuna mkusanyiko unaitwa fstests, zamani xfstests kwasababu ulianzia kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wake wa XFS, saivi unatumika kwa ext4 (ambao Ubuntu inakuja nao), Btrfs na mingine. Nlitegemea kukuta kitu cha kutisha, kumbe ni skripti ndogondogo zina namba tu, generic/001 na kuendelea, na pembeni ya kila moja kuna faili la .out lenye majibu yanayotarajiwa. Skripti inaendeshwa, majibu yake yanalinganishwa na yale ya kwenye .out, herufi ikitofautiana imefeli. Nyingi juu kabisa zimeandikwa kwa maneno ni bagi gani iliyowauma mpaka wakaiandika. Yaani kila jeraha limepewa namba.

Humohumo kuna programu inaitwa fsx, ya zamani, imeanzishwa na Avadis Tevanian ikaandikwa upya 1998, ina chapa ya Apple. Hii ndo ilinifurahisha kuliko zote. Inafungua faili moja, alafu inafanya fujo kwa bahati nasibu: inaandika hapa, inakata pale, inarefusha, inasoma, na wakati huohuo inatunza nakala ya faili hilohilo kwenye memori. Kila ikisoma inalinganisha. Zikitofautiana inasimama na kukumwagia hatua zote zilizoifikisha pale, na ile namba iliyoanzishia bahati nasibu ukiirudisha unapata fujo ileile tena.

Kosa kubwa la pesa nililifanya hapa, kwahiyo nisikilize vizuri kama utataka kuijaribu fstests. Inataka diski mbili, moja TEST_DEV na nyingine SCRATCH_DEV, na hiyo ya pili inaifomati. Sio inauliza, inaifomati, tena na tena, ndo kazi yake. Mimi niliandika /dev/sdb1, fleshi yangu ya majaribio. Nikalala. Asubuhi nikawasha mashine huku diski ya nje nayo imechomekwa, na hayo majina ya sda, sdb hayana uaminifu, yanagawiwa kwa anayewahi. Diski ya nje ikawahi. Ilikuwa na video za harusi ya dada yangu, mpaka tulipompata mpigapicha mwenye nakala nusu, ilipita wiki na laki mbili, na dada mpaka leo nikishika kompyuta yake anasimama nyuma yangu.

Usitumie diski ya kweli kabisa. Tengeneza faili uligeuze diski: truncate -s 5G jaribio.img, alafu losetup (ndo inayoligeuza diski), alafu lifomati unavyotaka. Na utaona kichekesho, ls -l inakwambia faili ni GB 5 na du, inayopima nafasi iliyoliwa diskini, inakwambia halijachukua kitu, kwasababu ni tundu tupu lote, ni ile ile 38 ya bibi ila kubwa. Fanya hivyo kwenye ext4 ya kwako, sio kwenye fleshi ya FAT32 (mfumo wa mafaili wa fleshi nyingi), maana FAT haijui matundu, itabidi iandike sifuri zote kwa mkono, na juu ya GB 4 kwa faili moja haivuki.

Haya, nikaanza za kwangu. Folda inaitwa majeraha. 001 ni ya bibi.

001 ya kwanza ilikuwa mbovu na nataka niseme ubovu wake. Inaandika rekodi tatu, inafuta ya mwisho, inaandika nyingine, inahesabu mistari, inategemea mitatu. Ikapita. Kwa bahati nikakumbuka kurudisha ile kodi mbovu ya Desemba nione kama testi inaikamata. Ikapita tena! Baiti 38 za uongo zimekaa mwanzo wa mstari wa tatu na mistari bado ni mitatu. Testi ilikuwa inalinda ghala huku mlango wa nyuma upo wazi. Nikaibadilisha, isihesabu chochote, ilinganishe baiti kwa baiti na faili la majibu, kama wale wa fstests. Ikafeli kwenye kodi mbovu, ikapita kwenye nzima, ndo nikaiamini. Toka hapo siandiki testi bila kuiona imefeli kwanza kwa macho yangu.

002 ni ya urefu. Unakata faili hadi 0, hadi 1, hadi 4,095, 4,096, 4,097, hadi urefu uleule lilionao, alafu unalirefusha tena na kuangalia kama sehemu iliyorefushwa ni sifuri tupu. Hizo namba za ajabu ni kwasababu diski inagawa faili kwa bloku, mara nyingi za baiti 4,096, na ukikata katikati ya bloku ile nusu iliyobaki bado ina maandishi ya zamani, mfumo lazima uyafute kabla hujarefusha, la sivyo kilichokatwa kinafufuka. Hiyo ni kazi ya mfumo wa mafaili sio yangu, na haikunikuta mbovu hata siku moja, ila ilinifundisha mipaka ilipo kuliko kitabu.

003 ndo ya umeme, na hapa ile kill -9 yangu ikaumbuka. Programu ukiiua, kilichouawa ni programu. Ilichokwisha kuikabidhi kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe, kipo salama kwenye memori ya kerneli, na kerneli haijafa, itakiandika diskini kwa mda wake. Umeme ukikatika inakufa kerneli yenyewe na kila kilichokuwa kwenye memori. Kwahiyo kwa mara zote mia nlikuwa napima ajali ya pikipiki kwa kumsukuma dereva kwenye kochi.

Nikafanya mbili. Ya kwanza, mashine ya kuigiza kwa QEMU, programu inaandika ndani yake, alafu naiua QEMU nzima kutoka nje, hapo kerneli ya ndani inakufa kweli. Cha kushangaza kwenye ext4 lile faili la jumla lilikuwa linapona, na nlishaanza kusherehekea. Ya pili ni ya kishamba, laptopu ileile isiyo na betri, fleshi ileile, nachomoa waya ukutani. Mara ya saba: faili lipo, urefu sifuri. Jina jipya limeshakaa mahali pa la zamani, maandishi hayajafika.

Tofauti ni kwamba ext4 iliwahi kuungua hapohapo. Mwaka 2009 watu wa Ubuntu walikuwa mashine zikizima ghafla wanakuta mafaili yao ya mipangilio yana baiti sifuri, kwasababu ext4 inachelewesha kugawa bloku, na Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, akaeleza kwamba programu ndo hazikuomba fsync (amri ya kulazimisha maandishi yafike diskini), ila bado akaweka viraka, vikaingia Linux 2.6.30, vinavyotambua mtu aliyekata faili hadi sifuri akaandika upya, au aliyebadilisha jina juu ya la zamani, na kuyasukuma maandishi yake diskini mapema. Kwahiyo ext4 ilikuwa inanifichia kosa langu kwa huruma. FAT ya kwenye fleshi haina huruma hiyo, wala haina jonali, lile daftari la mabadiliko la kujirekebishia baada ya ajali. Nlikuwa napima kwenye mfumo ambao dada karani hautumii.

Marekebisho yenyewe ni madogo: andika faili la mda, f.flush(), os.fsync(f.fileno()), ndo ubadilishe jina, alafu fsync na folda yenyewe. Na data nikaihamishia kwenye diski ya ndani, fleshi ikabaki ya nakala. Utaona programu imekuwa nzito kidogo maana fsync inasubiri diski kweli. Vumilia, au punguza mara za kuhifadhi, ila usiitoe.

004 ilitoka kwa dada karani bila yeye kujua. Nlikuta fleshi yake imejaa, ina singeli na taarabu mpaka juu, zimebaki kilobaiti kadhaa. Nikajiuliza kodi ya kwanza kabisa ingefanyaje hapo: ingekata faili hadi sifuri, ikaanza kuandika, ikaambiwa nafasi imeisha. Umeme haujakatika, hamna aliyekosea, na faili limekwenda. Testi yake ni diski ya kuigiza ya MB 8, unaijaza, unaiambia programu ihifadhi, alafu unaangalia la zamani bado zima na karani kaonyeshwa ujumbe anaouelewa. Yangu ilikuwa inaonyesha namba ya kosa kwa kiingereza.

Ya 005 ni fsx yangu ya maskini, mistari kama sitini ya Python. Inachagua ovyo: andika, futa, funga ufungue tena, andika, na pembeni inatunza orodha inayojua faili lilitakiwa liweje. Niliiwasha nikaenda kuchukua chai, nikarudi imeshasimama. Hatua nne tu: andika, andika, futa, futa. Mara ya pili ya kufuta ilikuwa bado inatumia ule mwanzo wa rekodi ambayo haipo tena, kwahiyo haifuti kitu huku inamwambia karani imefuta. Misimu yote hiyo na hakuna mtu aliyebonyeza mara mbili, au labda walibonyeza wakanyamaza, sitaki hata kujua.

Zote zinakaa kwenye skripti moja, zinachukua dakika nne ukiacha ya kuchomoa waya, na sipeleki toleo ghalani kabla haijamaliza. Juu ya kila moja nimeandika kwa kiswahili nini kilitokea na lini, na kwenye kodi, pembeni ya ule mstari wa seek, nimeandika "usiuguse, muulize bibi".

Msimu wa 2024 ulipofunguliwa mwezi wa kumi nlienda na toleo jipya nikakaa siku nzima mizanini. Umeme ukakatika mara mbili. Ya pili dada karani hakunipigia hata simu wakati nimekaa hatua kumi, aliwasha, akachukua kishina cha mwisho kwenye kitabu, akakiweka juu ya skrini kulinganisha kilo, akapiga kelele "Anayefuata!"

Kuna moja bado nyekundu, yaani bado inafeli, 007. Ile nakala ya kwenye fleshi, ukichomoa waya wakati inaandikwa, mara mojamoja inatoka pungufu, na kwenye FAT sijapata njia ya kuizuia moja kwa moja. Nilichofanya ni kuandika nakala mbili kwa zamu, leo hii kesho ile, ili ikifa moja nyingine iwepo. Testi nimeiacha ifeli hivyohivyo. Na dada karani nimemwambia anunue fleshi nyingine ya kazi peke yake. Amenunua, na nyimbo kazihamishia humo.